Kumbi la Nazi Bwawani

Bwawa letu la Kibaha lilichimbwa liwe shimo la choo. Niseme haraka kabla hujafunga ukurasa: halikuwahi kutumika. Mwenye nyumba aliona limekaribia mno kisima cha jirani, akaliacha wazi, na mama mdogo, ambaye wakati huo alikuwa mpangaji mgeni, akaomba ruhusa ya kulisakafia. Akajaza kifusi mpaka kina kikapungua, akapiga saruji, akasubiri mvua ilijaze. Kisha jioni moja akarudi kutoka kazini Dar na mfuko wa nailoni wenye maji, na ndani yake samaki wekundu wadogo wa mapambo, wale tunaowaita samaki wa dhahabu.

Jirani yetu ni mzee wa kanda ya ziwa, na mpaka leo analalamika kwamba samaki wa Pwani wana chumvi tangu wakiwa hai. Nimesimuliwa kwamba alisimama uani siku hiyo, mikono nyuma.

"Dada, hawa wanaliwa lini?"

"Hawaliwi, kaka. Wanatazamwa."

"Wanatazamwa." Akalitafuna neno. "Samaki wa kutazamwa, ndani ya choo. Pwani mna mambo."

Mimi nilihamia kwa mama mdogo baada ya kumaliza masomo, na nikakuta, kati ya wengine walionunuliwa baadaye, samaki mmoja wa siku ile ya kwanza bado yupo: jike kubwa, jekundu kama embe lililoiva upande mmoja, na kidevu cheupe. Hatukumpa jina. Tulimwita yule mkubwa, basi. Mama mdogo huondoka nyumbani kabla jua halijatoka na kurudi likiwa limezama au linazama, lakini sijawahi kumwona akiingia ndani moja kwa moja. Huvua viatu langoni, huketi ukingoni mwa bwawa, na yule mkubwa huja mpaka karibu na vidole vyake. Hawafanyi lolote. Hukaa hivyo kidogo, kisha mama mdogo hunyanyuka na kuuliza kama nimepika. Mimi huwa natetemeka ndani nikikosea kitu kidogo tu, na nilikuwa nikimtazama mtu aliyetoka kusimama kwenye daladala za foleni akitulia hivyo, nikatamani kujua anafanyaje.

Kuhusu kutetemeka huko: mimi ni mtu wa kurudi mlangoni kuhakikisha nimefunga, kisha kurudi tena kuhakikisha kwamba nilihakikisha. Kazi yangu ni kutengeneza kadi za harusi na za michango kwenye kompyuta, pale pale nyumbani. Hakuna aliyenifundisha, nilijifundisha kwa kuharibu. Jina la bibi harusi likikaa pembeni kwa upana wa unywele, silali. Mama mdogo husema nitaolewa na rula. Kwa hiyo utaelewa nikisema bwawa lile nililitunza kama ninavyotunza kadi. Kila Jumamosi nilichukua kumbi la nazi, lile lile tunalosugulia masufuria, nikaingia majini na kusugua kuta mpaka utelezi wote wa kijani ukatoka. Maji yetu yaliweza kusomewa gazeti. Wageni walisifu. Nilizipokea sifa hizo kwa miaka, na samaki wetu hawakuzaa hata siku moja.

Kisha mwenye nyumba akaja Jumapili na mkungu wa ndizi, na mtu akija na mkungu wa ndizi bila sababu ujue sababu ipo.

"Mama, nisamehe," alimwambia mama mdogo. "Barabara imetufikia. Hapa mbele nataka kujenga fremu za maduka. Masika yakiisha."

Mama mdogo hakulalamika. Alikuwa na nyumba yake Kisarawe, upande wa Kibuta, kwenye shamba la kwao, yenye bati juu na bado haina plasta. Tungehamia hivyo hivyo na kuimalizia tukiwa ndani. Jioni aliketi ukingoni muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Wengine tutawabeba," alisema. "Huyu hatafika."

Sikubisha. Tulipowahi kumtoa ili tuzibe ufa, alilala ubavu kwenye ndoo kutwa nzima, na mama mdogo hakula.

"Angekuwa ameacha mtoto hata mmoja," alisema, "ningeondoka hapa bila kugeuka nyuma."

Mimi nikisikia sentensi ya namna hiyo naigeuza kazi. Nilianza kusoma kwenye simu kila nilichopata kuhusu samaki wa dhahabu wanavyozaliana. Watu wengi walioandika wanaishi kwenye baridi. Walisema samaki huzaa maji yanapopata joto baada ya barafu kuyeyuka. Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Kibaha barafu iko kwenye jokofu la muuza juisi. Kama kinachowaamsha ni kubadilika kwa maji, basi kwetu kitakuwa nini? Niliwaza mpaka nikachoka, kisha wingu likakusanyika upande wa Mlandizi, na mvua ya kwanza ya masika ikanijibu.

Siku chache baada ya mvua hiyo niliinama bwawani nikaona madume yetu yametoka vipele vyeupe. Tulikuwa na madume mawili, ingawa kusema kweli mpaka asubuhi ile sikuwa na uhakika nani dume nani jike. Vipele vilikuwa kama chembe za chumvi mashavuni. Nilikuwa nimesoma kuhusu ugonjwa wa madoa meupe unaomaliza samaki bwawa zima, na dawa yake mojawapo chumvi. Nikakoroga ndoo ya maji ya chumvi nzito, nikaibeba mpaka ukingoni. Mama mdogo alikuwa kazini. Ilibaki kumimina.

Kilichonizuia si busara. Ni ile tabia yangu ya kutaka ushahidi kabla ya kila kitu, ili nikikosea nijue nilikosea wapi. Niliweka ndoo chini nikapiga picha, kisha nikaikuza kwenye simu. Vipele havikutapakaa mwilini. Vilikuwa kwenye mashavu tu, na kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani, na huko kwenye mapezi vilikuwa vimepangwa kwa mstari. Nimeshatengeneza mistari mingi maishani. Sijawahi kutengeneza mmoja ulionyooka hivyo, wenye nafasi sawa kati ya nukta na nukta, juu ya kitu laini kinachotikisika majini. Ugonjwa haupangi mistari. Nilirudi kusoma, na ndiyo: hilo ni vazi la dume lililo tayari. Nilimwaga maji ya chumvi barabarani, mbali kabisa.

Jumamosi ikafika na kusugua kukafika nayo. Nilikuwa majini na kumbi langu wakati madume yalipoanza kumkimbiza yule mkubwa. Yalimfuata nyuma, yakimgonga tumboni kwa vichwa, yakimsukuma ukutani. Tumbo lake lilikuwa limejaa, limeegemea upande mmoja. Nilikuwa nimelisoma hilo pia, lakini kusoma na kuona ni vitu viwili, nikapiga kelele.

Jirani alitokeza kichwa juu ya ukuta. "Kuna nyoka?"

"Shikamoo, mzee. Wanampiga! Wanamuua!"

"Marahaba." Alitazama kwa muda, akicheka taratibu. "Mwanangu, si wewe mtengeneza kadi za harusi? Hao hawapigani. Hao wanaposa."

"Kwa kumgonga hivyo?"

"Wewe hujaona watu wanavyoposa."

Nilikuwa bado majini mvua ilipoanguka, ile ya masika isiyotoa onyo, na nguo zote za wiki zilikuwa kwenye kamba. Nikakimbia kuanua. Mvua haikuacha mpaka jioni. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie Kibaha, sikumaliza kusugua, na kumbi langu la nazi likabaki linaelea bwawani.

Jumapili asubuhi nilisikia maji yakipigwa kabla sijafika uani. Yule mkubwa alikuwa anapita kwa kasi ukutani, madume ubavuni kwake, na nyuma yao yalibaki mayai: matone madogo yanayong'aa, kama gundi ya maji iliyoganda. Yaliyogusa saruji niliyoisugua jana yake yaliteleza mpaka chini. Na huko chini, nilishuhudia kwa macho yangu, samaki wengine walikuwa wanayaokota moja moja na kuyala. Hata yule mkubwa, akipumzika, aligeuka akala ya kwake.

Nilisimama pale nikaelewa, na si jambo lililonifurahisha. Kila masika, huenda, walikuwa wakitaga. Kila masika mayai hayakupata pa kushika, kwa sababu mimi nilikuwa nimepafanya pasafi. Yaliyobahatika kushika niliyasugua Jumamosi.

Halafu nikaliona kumbi. Lilikuwa limesukumwa kwenye kona, limevimba kwa maji, nyuzi zake zimefunguka kama nywele zilizofumuliwa. Na kwenye nyuzi, juu, chini, ndani kabisa ambako mdomo wa samaki haufiki, palijaa mayai.

Nilimwita mama mdogo. Alikuja na khanga kifuani na mswaki mdomoni, akalitazama kumbi nililoliinua, akatoa mswaki.

"Hili si la kusugulia?"

"Ndilo."

"Nani aliliacha majini?"

"Mimi."

"Wewe?" Akanitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa naye, kama mtu anayetambulishwa kwangu upya. "Wewe umeacha kitu ovyo? Mungu mkubwa."

Tulichukua beseni kubwa la kufulia, tukalijaza maji yale yale ya bwawa, tukalitumbukiza kumbi, tukaliweka kivulini chini ya ukingo wa bati. Juu nilifunika kipande cha chandarua kikuukuu ili kereng'ende na ndege wasifike. Kila asubuhi nilikagua. Mayai yenye uhai yalibaki maangavu. Yasiyo na kitu yaligeuka meupe na kuota ukungu kama pamba, na ukungu huo ungehamia kwa wenzake. Niliyang'oa kwa kibano cha nyusi. Hiyo, angalau, ilikuwa kazi ya mtu kama mimi. Siku zilivyokwenda, ndani ya mayai maangavu yakatokea madoa mawili meusi. Macho. Nilikuwa nikitazama yai na yai linanitazama.

Walipoanguliwa walikuwa kama kope. Walijigandisha kwenye ukuta wa beseni bila kwenda popote, wakiishi kwa kile walichotoka nacho kwenye yai. Kisha wakaanza kuogelea, na wakahitaji kula, na hapo ndipo nilipolazimika kutubu. Chakula chao cha kwanza ni vijidudu visivyoonekana vinavyoishi kwenye maji ya kijani, yale maji niliyoyapiga vita kwa miaka. Kwetu hapakuwa na hata kikombe. Nilichukua ndoo nikaenda kwa jirani, ambaye ana hodhi la kunyweshea mbuzi lisilojua brashi.

"Naomba maji, mzee."

"Bomba lenu limekatika?"

"Hapana. Naomba ya hodhi. Yale ya kijani."

Aliweka gazeti chini. "Rudia."

"Maji machafu, mzee. Naomba maji machafu."

Alimwita mkewe kutoka jikoni aje asikie. Nilirudia mbele ya wote wawili. Baadaye alinibebea ndoo mwenyewe mpaka kwetu, huku akisema hawezi kukosa kuliona jambo hili mpaka mwisho.

Niliongezea kiini cha yai la kuchemsha, nikikikamua kwenye kitambaa mpaka kitoke kama moshi. Siku moja nilizidisha, kwa hofu kwamba watakufa njaa; kiini kikaoza, na nikarudi nikakuta wengi wamelala chini. Nililia, sifichi. Mama mdogo alinikuta nimeinamia beseni, midomo inatembea.

"Unafanya nini?"

"Nahesabu waliobaki."

Alinishika bega akaninyanyua. "Usihesabu. Kwetu watoto hawahesabiwi."

"Hata wa samaki?"

"Samaki hana mama?" Akachota nusu ya maji kwa kopo, taratibu, akaongeza mengine kutoka bwawani. "Unahesabu mbao. Unahesabu matofali. Mtoto unamlisha, basi."

Sikuwahi kupewa sheria ngumu kama hiyo. Mimi huhesabu ngazi. Lakini nilitii, na nikaona kwamba mtu asiyehesabu hulazimika kutazama. Nilijifunza kumtambua anayekula na asiyekula, anayeelea vibaya, yule mwenye haraka. Tumbo la mmoja likijaa lilionekana kama nukta ya wino.

Wasiwasi mpya ulikuja walipofikia ukubwa wa punje ya mpunga na kupita. Hawakuwa wekundu. Walikuwa na rangi ya matope, weusi mgongoni, kama samaki yeyote wa mfereji.

"Perege," alisema jirani, akiwa ameinamia beseni. "Wametoka kwenye hodhi langu. Nimezaliwa ziwani, mimi unanidanganya?"

"Hodhi lako halina samaki, mzee."

"Mungu akitaka kuweka perege anaomba ruhusa?" Akamgeukia mama mdogo. "Dada, andaa kikaango."

Nilisoma, na nilichosoma kilisema vifaranga wa samaki wa dhahabu huzaliwa na rangi hiyo na kuibadilisha baadaye, wengine baada ya miezi, wengine hawabadiliki kabisa. Nilimweleza mama mdogo. Alisema vizuri. Lakini nilimwona jioni akitoka bwawani kwenda kwenye beseni, kutoka beseni kwenda bwawani, akilinganisha.

Mvua zilipoanza kupungua, yule mkubwa akaacha kuja ukingoni. Alikaa chini kwenye kona, mapezi yamekunjwa. Asubuhi moja tulimkuta juu. Mama mdogo alimtoa kwa mikono yake miwili, akaketi naye pale pale, na kwa mara ya kwanza gari la kwenda kazini lilimwacha. Niliogopa jirani asije na maneno yake. Alikuja. Alitazama, akavua kofia.

"Pole, dada," alisema. "Pole sana."

Akaenda kuleta jembe, akachimba chini ya mpapai, shimo refu kuliko samaki alivyohitaji, na hakutaja kikaango siku hiyo wala iliyofuata. Mimi nilibaki nikitazama beseni. Walioachwa mle ndani, kama walikuwa wake, walikuwa ndio pekee. Kama hawakuwa wake, basi hapakuwa na kitu.

Tulihama kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Vitanda na masufuria nyuma, samaki wakubwa kwenye ndoo zenye mifuniko, na vifaranga kwenye dumu lililokatwa, likiwa mapajani mwa mama mdogo mbele kabisa, limefunikwa khanga. Njia ya kwenda Kibuta ilikuwa bado ina makovu ya masika. Kila dereva alipokata kona nilifumba macho, na mama mdogo alikuwa akimwambia, "Pole pole, mwanangu, nimebeba wajukuu," na dereva akidhani ni mzaha, mpaka aliposikia maji yakigonga.

Bwawa jipya, lililosakafiwa kabla hatujahama, lilikuwa kando ya jiko la nje. Nilitumbukiza makumbi ya nazi, yamefungwa kwa kamba pamoja. Sikusugua. Ukuta ulipoanza kuwa wa kijani nilitembea mbali nao, mikono imefungwa nyuma kama jirani yetu wa zamani, maana mikono yangu siiamini. Ukaendelea kuwa wa kijani. Dunia haikuanguka. Vifaranga walikua, wakawa urefu wa kidole, na wakabaki rangi ya matope. Jirani alipiga simu kuuliza hali ya perege wake. Kipupwe kikaja kikapita. Mama mdogo aliporudi kutoka kazini, sasa safari ikiwa ndefu zaidi, aliketi ukingoni vile vile bila viatu, lakini vidole vyake havikuwa na wa kuvifuata.

Ilikuwa mchana wa Jumamosi nilipokwenda kuchota maji ya kuosha vyombo. Jua lilikuwa limepenya majini, na kifaranga mmoja aligeuka ubavu. Chini ya tumbo lake palikuwa na alama kama shaba iliyofutwa kwa kitambaa. Nikadhani ni jua. Nikasubiri ageuke tena. Nilisimama hapo na ndoo tupu mpaka nikawaona wengine wawili watatu, shaba tumboni, nyeusi mgongoni, kama kitambaa kinachobadilishwa rangi kuanzia pindoni. Na mmoja, nilimtafuta tena na tena ili nisijidanganye, alikuwa na kidevu cheupe.

Sikumpigia simu mama mdogo. Nilitaka aone mwenyewe. Alirudi jua likiwa bado lipo kidogo, akavua viatu, akaketi. Mimi nilikaa jikoni nikimenya vitunguu na kumtazama kupitia mlangoni. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha aliinama, akaweka kiganja majini, akatulia namna ile ile ambayo nimekuwa nikijaribu kujifunza tangu nihamie kwake. Mabega yake yakatikisika kidogo, akajifuta uso kwa pindo la khanga, akacheka peke yake.

Nikaona midomo yake inatembea, na kidole chake kinaonyesha majini, hapa, na hapa, na pale.

"Mama," niliita kutoka jikoni. "Unahesabu?"

Kidole kikarudi haraka kwenye khanga.

"Nasali," alisema. "Umepika?"